Mtumishi asiyedai mshahara: Ni nani aliye ndani ya roboti?

Oktoba 28, mwaka 2025, kampuni iitwayo 1X, ambayo asili yake ni Norway lakini shughuli zake nyingi sasa ziko Marekani, ilianza kupokea oda za mashine ya kazi za nyumbani iliyopewa jina la NEO. Si mashine ya kufulia wala jokofu. Ina kichwa, mabega, mikono miwili yenye vidole na miguu miwili ya kutembelea. Urefu wake ni kama sentimita 168, yaani kimo cha mtu mzima wa kawaida, uzito wake kilo 30, na mwili wake umevikwa kitambaa laini cha kufuma ili isimuumize mtu wakigongana ndani ya nyumba. Bei yake ni dola 20,000 za Marekani. Asiyekuwa na fedha hizo kwa mkupuo anaruhusiwa kuikodi kwa dola 499 kwa mwezi. Kampuni ilisema wateja wa kwanza, walioko Marekani, wangeanza kuipokea mwaka 2026.

Kazi zake ni zile ambazo kila nyumba yenye uwezo kidogo hapa kwetu humpa yaya au boyi: kukunja nguo, kupanga vyombo, kufungua mlango mgeni akibisha hodi, kumletea baba maji ya kunywa.

1X haiko peke yake. Kampuni ya Tesla ya bwana Elon Musk inatengeneza roboti iitwayo Optimus, na Musk amewahi kutaja bei ya kati ya dola 20,000 na 30,000. Huko China, kampuni ya Unitree ilitangaza Julai 2025 roboti yake ya R1 kwa bei ya takriban dola 5,900, ingawa hiyo inajua zaidi kupiga sarakasi kuliko kuosha sufuria. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai na Guangzhou wanajua jinsi bei za vitu kama hivi zinavyoshuka. Simu ya mkononi ilianza kama kitu cha mawaziri. Leo muuza nyanya wa mpakani anazo mbili, moja ya laini ya huku na nyingine ya ng'ambo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba habari hii ni ya wazungu peke yao.

Swali ambalo limezua mjadala katika vyuo vikuu na mabunge ya Ulaya na Marekani ni hili: Je, ni haki kwa binadamu kumiliki mtumishi mwenye umbo la binadamu?

Wasomi wamegawanyika. Mwaka 2010 mtaalamu wa akili bandia, Joanna Bryson, aliandika makala ambayo kichwa chake kilisema kwamba roboti zinapaswa kuwa watumwa. Hoja yake ni kwamba mashine ni chombo kilichotengenezwa na kununuliwa, na anayeipa heshima ya mtu anapoteza kitu ambacho kingepaswa kwenda kwa watu. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba neno lile halikufaa, kwa sababu huwezi kutamka utumwa bila kuamsha historia ya watu waliofanyiwa utumwa. Upande wa pili, Februari 2017 Bunge la Ulaya liliitaka Tume ya Ulaya ichunguze uwezekano wa kuzipa roboti za hali ya juu hadhi ya kisheria, kitu kama "mtu wa kielektroniki". Aprili 2018 wataalamu zaidi ya 150 waliandika barua ya wazi kulipinga wazo hilo. Walihofu kwamba roboti ikishakuwa "mtu", mtengenezaji atanawa mikono siku itakapoua.

Katika hilo mimi niko pamoja na wapinzani. Mashine haioni njaa, haimkumbuki mama yake, haiogopi kesho. Lakini kusema hivyo hakumalizi jambo. Kinachonishughulisha si kama roboti inaumia. Ni kwa nini mnunuzi anataka mtumishi wake afanane na mtu, halafu ni nani hasa anayefanya kazi akiwa amejificha nyuma ya umbo hilo.

Neno lenyewe linasema

Neno roboti halikuanzia kiwandani. Lilianzia kwenye mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uitwao R.U.R. Aliyempatia neno hilo ni kaka yake, Josef. Katika mchezo ule roboti hazikuwa za chuma. Walikuwa viumbe kama watu, waliotengenezwa kwa wingi ili wafanye kazi bila kudai chochote, na mwishowe wakaasi. Shina la neno ni "robota", kazi ya lazima ambayo mkulima wa Bohemia alimfanyia mwenye ardhi siku kadhaa za juma bila malipo, ili aendelee kuishi katika shamba lile. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1848.

Wazee wetu hawahitaji mkalimani hapo. Robota ni uburetwa kwa Kicheki. Tangu enzi za Mwami Rwabugiri, mtu aliyekaa kwenye ardhi ya chifu alidaiwa siku mbili katika kila juma la siku tano, akalime, akajenge ua, akalinde zamu ya usiku. Ulifutwa mwaka 1949. Katika familia nyingi bado yuko anayekumbuka aliyosimuliwa na babu yake kuhusu siku hizo mbili.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Mtumwa ni yule anayetumwa, basi. Lakini tazama sarufi. Hata enzi ambazo watu waliuzwa Unguja, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873, mwenye kuuza alilazimika kusema "mtumwa huyu amechoka". Hakuweza kusema "mtumwa hii imechoka" akaeleweka. Alimpanga mwanadamu pamoja na pembe za ndovu, lakini lugha ikakataa kumfuata.

Sasa wasikilize watangazaji wa redio wanapozungumzia hizi mashine. Mmoja anasema "roboti amepika", mwingine "roboti imepika". Hawajakubaliana, wala haitokani na ujinga wa lugha. Ni kwamba macho yanaona mtu na akili inajua ni kitu. Mimi naandika "imepika" kwa makusudi. Nimegundua kwamba kila ninapoteleza na kuandika "amepika", nimekuwa nikifikiria picha ya uso wake.

Itakumbukwa kwamba Mei 2020, wakati wa janga la korona, Rwanda ilipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, na nyingine kati ya hizo zikaanza kazi katika kituo cha matibabu cha Kanyinya. Zilipewa majina: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Hayo ni majina tunayowapa watoto wetu. Hata hivyo, sikumsikia mtu akilalamika, na hapakuwa na sababu ya kulalamika. Zilipima joto na kupeleka vitu kwa wagonjwa ili muuguzi asiambukizwe. Mashine iliingia mahali ambapo mtu angeweza kufa. Roboti ya dola 20,000 inayomletea baba maji akiwa amekaa kwenye kochi inaingia mahali pengine kabisa.

Uraia wa Riyadh

Mfano ambao bado unatajwa sana ni ule wa Oktoba 2017, pale Saudi Arabia ilipotangaza katika mkutano wa wawekezaji mjini Riyadh kwamba inaipa uraia roboti iitwayo Sophia, yenye sura ya mwanamke, iliyotengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong. Kamera za dunia nzima zilikuwepo.

Wakosoaji hawakuchelewa. Sophia ilisimama jukwaani kichwa wazi, bila mlezi wa kiume, wakati wanawake wa nchi ile walikuwa wametangaziwa mwezi mmoja tu kabla kwamba wangeruhusiwa kuendesha gari, na ruhusa yenyewe ilianza Juni 2018. Aidha, wakati ule mfanyakazi wa ndani aliyetoka Kenya, Uganda au Ethiopia hakuweza kumwacha mwajiri wake wala kutoka nchini bila idhini yake, kwa mujibu wa mfumo wa kafala. Kuna familia nyingi katika ukanda wetu ambazo binti yao alikaa huko miaka miwili pasi yake ya kusafiria ikiwa imefungiwa kabatini mwa bosi. Mashine ikapewa uraia bila kuuomba.

Naitaja habari hii kwa sababu ya wale wanaotuhimiza tuanze kujadili haki za roboti. Kuipa mashine haki ni rahisi mno. Haitadai nyongeza, haitakwenda mahakamani, haitaomba kumleta mumewe. Serikali yoyote au kampuni yoyote inaweza kuonekana ya kisasa kwa gharama ya karatasi moja, huku binadamu anayesugua sakafu nyuma ya ukumbi akiwa hana hata karatasi hiyo.

Mkono unavuka mpaka, mtu anabaki

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani wasomaji wa ukurasa huu, hasa mnaoamkia mpakani kila siku, mtalielewa kuliko maprofesa.

Kabla NEO haijaanza kuuzwa, mwandishi wa gazeti la Wall Street Journal la Marekani aliruhusiwa kuijaribu. Ilipanga vyombo vichache kwenye mashine ya kuoshea, ikakunja nguo, ikaleta maji. Lakini kazi zote alizoziona ziliendeshwa na mtu aliyekuwa mahali pengine, amevaa miwani maalumu inayomwonyesha kile roboti inachokiona, ameshika vidhibiti mikononi. Akinyoosha mkono, roboti nayo inanyoosha. Kampuni haikuficha. Ilieleza kwamba roboti isipojua kazi fulani, mfanyakazi wa kampuni ataingia ndani yake kwa idhini ya mwenye nyumba, aifanye kazi ile, na mashine itajifunza kutokana na mienendo yake. Ilisema pia kwamba mteja ataweza kuzuia baadhi ya vyumba na kufanya sura za watu zisionekane.

Kabla ya hapo, Oktoba 2024, Tesla ilifanya sherehe California ambako roboti za Optimus ziliwamiminia wageni vinywaji na kupiga nao soga. Baadaye ikaripotiwa kwamba kulikuwa na watu waliozisaidia kwa mbali.

Kwa maneno mengine, huyu mtumishi asiyedai mshahara, kwa sehemu kubwa ya kazi zake za leo, ni mtu. Ila yuko mbali.

Je, yuko wapi? Katika maduka kadhaa ya Tokyo, roboti zinazopanga chupa za vinywaji kwenye rafu zinaangaliwa na vijana walioko Manila, Ufilipino. Chupa ikianguka, kijana wa Manila anaingia na kuiokota kwa mkono wa mashine iliyoko Japani. Japani ni nchi isiyopenda kupokea wageni wengi. Imepata njia ya kupokea mikono yao bila kuwapokea wenyewe.

Sina sababu ya kuamini kwamba biashara hiyo itaishia Manila. Tayari tuna mfano wa jirani. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama walikuwa wakisoma na kuchambua maandishi machafu ya kutisha, ili programu ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyaepuka, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mtumiaji wa Marekani alijua anazungumza na kompyuta tu. Kampuni inayomlipa mwendeshaji wa roboti kwa viwango vya California itauliza, mapema au baadaye, kwa nini isimlipe kwa viwango vya Nairobi, Kampala au Kigali. Mahesabu hayo kila mchuuzi anayajua: unanunua kulikopungua bei, unauza kulikopanda.

Fikiri kuhusu mpaka wetu. Mama anayevuka na beseni la samaki lazima aonyeshe kitambulisho au jeton, apekuliwe, ahesabiwe, alipe ushuru, na lango likifungwa jioni analala upande alioukuta. Lakini mkono wa kijana anayeosha vyombo vya mtu wa ng'ambo unapita kwenye waya bila mhuri. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Sheria ya nchi gani inaulinda mkono huo? Akivunja glasi ya gharama, atakatwa na nani? Akiumia mgongo au kupoteza macho kwa kuvaa miwani ile saa 10 kwa siku, atamdai nani, mama mwenye nyumba ambaye hajui jina lake, au ajenti wa ajenti?

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani ni jipya kabisa katika historia ya utumishi. Bwana wa zamani, hata awe katili namna gani, alijua kwamba anayempiga ni mtu. Alijidanganya kwa mengi, lakini hakuwa na shaka juu ya hilo. Ndiyo maana alimwogopa usiku. Mwenye roboti hajui. Saa tatu asubuhi ndani ya mashine hamna mtu. Saa nne yumo binti ana vipokea sauti masikioni. Mwenye nyumba anamaka, anatukana, anatupa kijiko sakafuni ili aone itakavyoinama, akiamini anacheza na chombo. Binti anasikia kila neno, na mkataba wake unamkataza kujibu.

Sizungumzi dhidi ya teknolojia ya kufanya kazi kwa mbali. Mjini Tokyo uko mkahawa ambao tangu Juni 2021 umekuwa ukihudumiwa na roboti ndogo ziitwazo OriHime, na wanaoziendesha ni watu wenye ulemavu mkubwa, baadhi yao hawawezi kutoka kitandani. Mteja anaambiwa ni nani anayemhudumia, anazungumza naye, anamwuliza anatoka wapi. Ninapousoma mfano huo nawafikiria wenzetu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha mizigo kati ya Gisenyi na Goma kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, wakageuza kiti cha ulemavu kuwa gari la biashara. Mtu wa namna hiyo hangekosa wateja Tokyo. Tofauti ya mkahawa ule na roboti ya kochini haiko kwenye waya. Iko kwenye jina.

Yaya na mashine

Kuna hoja moja nzito upande wa wauzaji, na sitaki kuipita haraka. Wanasema: afadhali mashine kuliko mtoto. Kila mmoja wetu anaijua nyumba yenye msichana aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka 13 au 14, analala jikoni, anaamka kabla ya jogoo, mshahara wake "anatunziwa" na hatimaye hauonekani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6, asilimia 76 wakiwa wanawake, na kwamba takriban 81 kati ya kila 100 wako nje ya mfumo rasmi, bila mkataba wa maana wala bima. Kama mashine itafunga mlango wa mateso hayo, nani wa kuizuia?

Lakini tuangalie kitakachotokea. Siku roboti inapoingia mlango wa mbele, msichana anatokea mlango wa nyuma na mfuko wake wa plastiki. Hakuna anayemlipa miezi iliyobaki. Mateso hayakukomeshwa; yamehamishwa, na yeye amepoteza hata kile kidogo. Aliyetaka kumaliza unyanyasaji angeanza na mkataba, siku ya mapumziko na shule. Hivyo vyote ni rahisi kuliko dola 20,000.

Tena, nadhani kinachouzwa si usafi wa vyombo. Mashine ya kuosha vyombo ipo tangu zamani, haina kichwa, na haimsumbui mtu dhamiri. Wanaotetea umbo la mtu husema nyumba zetu zimejengwa kwa ajili ya watu: ngazi, vitasa vya milango, vijiko, kwa hiyo mashine yenye miguu na vidole itafaa zaidi. Sawa, hiyo ni hoja ya fundi na ina ukweli wake. Haielezi kwa nini iwe na kichwa kinachoinama unapozungumza, wala sauti ya upole. Hapo mteja anauziwa kitu kingine: raha ya kumwamuru mtu bila deni lolote kwa mtu huyo.

Maana yaya, hata kwa bosi mbaya, ni mtu mwenye madai. Akipata malaria lazima apelekwe zahanati. Akifiwa lazima apewe nauli. Ukimtukana leo, kesho sokoni mji mzima umejua. Na zaidi ya yote anaweza kuondoka. Mabibi wengi wa nyumba wamejifunza adabu siku waliyoamka na kukuta jiko halijawashwa. Ukimkuta akifanya kazi unamwambia "pole na kazi", na ni salamu hiyo inayokukumbusha kwamba kazi ina mwenyewe. Roboti humwambii pole. Mtoto anayekulia katika nyumba ambamo kuna kitu chenye mikono na macho kisichoombwa wala kushukuriwa atakuwa amefanya mazoezi ya miaka kumi na minane ya jambo hilo, kisha ataajiri watu.

Sisi tuliorudi tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Nilikulia ukimbizini, mkoani Kagera nchini Tanzania, na kama wengine wengi tulilima mashamba ya watu kwa kibarua. Mwenye shamba mmoja alikuwa akija jioni anasimama njiani, hashuki kwenye baiskeli, anasema: "Kesho nataka mikono sita." Tulikuwa watoto, tukahesabiana kwa utani ni nani atapeleka mkono mmoja na kubakiza mwingine nyumbani. Hakuwa mkatili, alilipa aghalabu, na siku za njaa alituachia viazi vilivyobaki. Lakini katika misimu mitatu hakuuliza jina la mtu.

Na neno kibarua lina historia yake. Unguja ya karne ya 19, mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku, kama kubeba mizigo bandarini, alipewa kicheti, yaani barua ndogo, kwa siku aliyofanya kazi. Ujira uligawanywa kati yake na bwana wake. Kicheti kikageuka jina la kazi, kisha likawa jina la mfanya kazi mwenyewe. Niliposoma kwamba NEO inakodishwa kwa dola 499 kwa mwezi, na kwamba ndani yake anaweza kuingia mtu anayelipwa sehemu ya fedha hizo, nilikikumbuka kicheti kile. Si kwamba mwendeshaji wa roboti ni mtumwa, kwani ameajiriwa kwa hiari yake na anaweza kuacha. Lakini namna ya kugawana inafanana: anayetumia kazi hamjui anayeifanya, na katikati amekaa mwenye cheti.

Ukinunua, umenunua nini?

Liko suala jingine ambalo litawagusa wanaoleta bidhaa zilizotumika. Roboti hizi zitakuja kama yalivyokuja magari, kompyuta na majokofu, yaani mitumba. Sasa, gari la mtumba ukilipata ni lako. Roboti si hivyo, maana mwili unao wewe lakini akili yake inakaa kwenye kompyuta za kampuni.

Desemba 2024 kampuni ya Embodied ya Marekani, iliyokuwa ikiuza roboti ndogo ya kuwafariji watoto iitwayo Moxie kwa dola 799, ilitangaza kwamba imeishiwa fedha na inafunga, na kwamba bila mitambo ya kampuni roboti hizo zisingeweza kuendelea kufanya kazi. Wazazi walibaki wakitafuta namna ya kuwaeleza watoto wao kwamba rafiki yao atanyamaza. Walidhani wanamiliki. Kumbe bwana halisi wa mashine ile alikuwa ofisini muda wote.

Kwa hiyo mjadala wa Ulaya kuhusu bwana na mtumwa naona umekosea watu wawili. Roboti si mtumwa, na aliyelipa dola 20,000 si bwana. Mtumwa, kama yupo, anatafutwa upande wa waendeshaji na wachambuzi wa picha. Bwana anatafutwa kule inakokaa swichi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo bunge lake Arusha, na nchi zetu zinazo wizara za kazi. Hakuna haja ya kungoja mpaka kontena la kwanza lifike Mombasa au Dar es Salaam. Yapo mambo machache yanayoweza kuandikwa sasa. Kila mashine ya nyumbani iwe na taa au alama inayowaka wakati wote binadamu anapokuwa ndani yake, liwe sharti la sheria na si hisani ya kampuni. Mwendeshaji anayekaa nchini mwetu akiingia nyumba ya ng'ambo awe chini ya sheria ya kazi ya hapa alipokaa, yenye saa za kupumzika na haki ya kukata mawasiliano akitukanwa. Mashine iliyotumika isivuke forodha kabla haijathibitishwa kwamba picha na sauti za nyumba ilikotoka zimefutwa.

Nilimweleza haya mfanyabiashara mmoja wa Rusizi anayeleta vyombo vya umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama afisa wa forodha ataiandika kwenye fomu ya bidhaa au kwenye daftari la wapita njia. Tulicheka sana, lakini swali lake halina jibu katika sheria zetu. Nikamwambia kwamba ajenti wa Dubai akimpelekea picha ya roboti ya bei nafuu, asianze na betri inadumu saa ngapi. Aulize taa ya kuonyesha mtu iko wapi, kompyuta zake ziko nchi gani, malipo ya kila mwezi yanaingia akaunti ya nani, na anayeiendesha usiku, mashine inaposhindwa, anaitwa nani na analipwa kiasi gani kwa saa.